Ngoma ya Watoto Haikeshi? Historia Fupi ya Kukosoana Nyimbo, na Kosa Langu la Ilembula

Wadau, kamwene! Kwa wasiojua, hiyo ndiyo salamu ya kwetu Ubena. Unaitikia hivyo hivyo, "kamwene", maisha yanaendelea.

Wiki hii ni ya testi, mwenzangu wa chumbani anakoroma kama trekta la shamba la miti, na mimi nina kosi weki ambayo haijaguswa. Lakini kuna kitu kimenikaa kooni tangu Jumapili, na nisipokitoa sitasoma hata ukurasa mmoja. Kwa hiyo leo hakuna stori za bumu kuchelewa wala foleni ya kantini. Leo ni historia. Nyie mnaonicheka kila siku kwamba nasomea "tarehe na marehemu", kaeni hapo hapo, hii inawahusu, hasa mnaojifanya mabingwa wa kuchana nyimbo za watu kwenye korido.

Ilikuwa hivi. Jumapili jioni mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha tatu, alinitumia wimbo kwa WhatsApp kutoka nyumbani Ilembula. Kautunga mwenyewe, kaurekodi kwa simu, chini yake kaandika: "Kaka shikamoo. Sikiliza uniambie ukweli."

Nilipoona hayo maneno ya mwisho nikaishiwa nguvu. Maana mwaka juzi kaka yake naye aliniandikia karibu maneno yale yale. Yule dogo alijichanga elfu thelathini kwa vibarua, akapanda gari mpaka Makambako, akaingia kwenye studio moja ya chumba kimoja yenye trei za mayai ukutani, akarudi na wimbo wake. Akanitumia mimi, kaka msomi wa chuo kikuu. Mimi nilikuwa nimekaa na washikaji, nikaupiga kwa sauti, tukacheka wote, nikamjibu palepale: "Dogo hii siyo nyimbo, hizi ni kelele. Utunzi hauko kwenye damu yako, shika jembe." Akajibu: "Poa kaka, shukrani." Basi. Hakunitumia tena. Likizo nilipofika nyumbani nikaulizia kile kinanda chake kidogo, mama mdogo akasema kimeuzwa siku nyingi. Alisema hivyo huku anapepeta mahindi, bila kunitazama.

Sasa mkononi nina wimbo wa dada yake na swali lile lile. Nikajiuliza: hivi sisi watu wa huku tulijifunza wapi kuambiana habari za nyimbo zetu? Nani alitufundisha kuchana? Jumatatu nikaingia maktaba, na nilichokipata ndicho hiki.

Wakati kipimo kilikuwa cha wote

Tuanzie kwenye mashairi, kwa sababu kwa Waswahili shairi na wimbo ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la kila mwezi, Mambo Leo. Humo watu wa kawaida, makarani, walimu, mabaharia, walituma mashairi yao. Mtu anatoa shairi, mwingine kutoka mji mwingine kabisa analijibu kwa shairi. Huwezi kumjibu mwenzio kwa matusi matupu, inabidi umjibu kwa vina vyake mwenyewe. Yaani ili umkosoe mtu ilikulazimu kwanza uweze kufanya alichofanya yeye. Fikirieni hilo, wachanaji wa korido.

Halafu mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, huyu aliyekuja kuwa meya wa Dar es Salaam na baadaye waziri, akachapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Sehemu ya kwanza ya kitabu anaeleza kanuni: vina, mizani, urari, mishororo. Shairi la kawaida lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane huku na nane huku. Wengi mnakumbuka sekondari tulivyokuwa tunahesabu kwa vidole. Baadaye wakaja wakina Euphrase Kezilahabi na ushairi huru, ukazuka ugomvi mkubwa kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko, lakini hiyo siyo kesi ya leo.

Kesi ya leo ni hii: kwa kipimo cha Sheikh Amri, mtunzi mchanga akiambiwa amekosea, anajua amekosea wapi. "Ubeti wa tatu mshororo wa pili una mizani 15." Hapo hujatukanwa wewe, umeonyeshwa mahali. Unarudi nyumbani, unatafuta silabi moja, kesho unaleta. Linganisha na "hauko kwenye damu yako". Damu inarekebishwaje jamani?

Uwanja wa ngoma

Lakini tusijidanganye kwamba zamani wote walikuwa wapole. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaingia Tanganyika na kusambaa hadi bara, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi walipoibeba kwenda nayo makwao. Vyama viwili vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Wakikutana ni mashindano: sare, vyeo, tarumbeta, na nyimbo za kumdhalilisha mpinzani. Mafumbo makali, ya kumvua mtu nguo.

Kwenye uwanja kama ule hakimu ni watu. Wakikuhamia umeshinda, wakikukimbia umeshindwa. Damu hiyo ya mashindano haijakauka mpaka leo. Miaka ya 1990 Dar es Salaam ilitikiswa na upinzani wa TOT na Muungano kwenye taarabu, Khadija Kopa upande huu na Nasma Khamis upande ule, mipasho inarushwa na watu wanatunza.

Siwezi kusema ni vibaya. Ushindani uliwafanya watu wanoe. Lakini ona nani alikuwa anaingia uwanjani: chama kizima, watu wazima, wenye mashabiki wao nyuma. Ukitukanwa unatukanwa na wenzako hamsini, na kesho mnatunga majibu. Dogo wangu hakuwa na chama. Alikuwa na simu moja na kaka mmoja.

Nyumbani kwa Siti

Upande wa pili wa bahari kidogo, Zanzibar, kulikuwa na mtindo mwingine. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, alihamia mjini akawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na wengi mmeusoma. Kinachonivutia ni kazi ilivyokuwa inafanyika kabla ya Bombay. Siti na wenzake wa bendi, kina Subeti Ambari, Mbaruku, Buda Swedi na Mwalimu Shaaban, walikuwa wanakutana jioni nyumbani kwake Ng'ambo. Habari za mji zinazungumzwa, nani kahukumiwa, nani kadhulumiwa, na nyimbo zinazaliwa humo humo kwenye mazungumzo na mazoezi. Mmoja ana neno, mwingine ana sauti, mwingine anajua kuweka udi.

Yaani wimbo ulikuwa unakosolewa ukiwa bado mbichi, na wanaokosoa ndio watakaoupiga. Ukiharibika, umeharibika wetu sote. Hapo ulimi unajifunza adabu wenyewe, bila kufundishwa.

Mkono wa Tracey

Sasa tupande milimani. Mwaka 1950 mtu mmoja anaitwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika, alizunguka Tanganyika na mashine ya kurekodi. Miongoni mwa alivyorekodi kuna ligombo la majirani zetu Wahehe, kile chombo cha nyuzi kilichochongwa kwenye mti. Miaka minne baadaye, 1954, alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na rekodi hizo zipo mpaka leo.

Wapenda miksi mnisikilize hapa. Tracey hakuwa na meza ya vitufe 32. Alikuwa anashika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza: muimbaji akianza, anaipeleka kwake, chombo kikichukua nafasi, anairudisha kwenye chombo. Mkono wake ndio ulikuwa miksi. Kwa hiyo ilimbidi asikilize kwanza, ajue wimbo unaenda wapi, ndipo aamue nini kisikike. Mtu asiyejua wimbo unataka kusema nini hawezi kuumiksi, na nadhani hawezi kuukosoa pia.

Mwanafunzi wa Makumira

Hii sehemu ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kwetu Ilembula ni Walutheri. Wamisionari wa Berlin walifika Ubena mwishoni mwa karne ya 19, na pamoja na Biblia walileta nyimbo: zile za Kijerumani nzito, za sauti nne, na matarumbeta juu. Muda mrefu muziki wa kanisani ulikuwa huo, wenye maneno ya huku na sauti za kule. Ngoma za wenyeji zilibaki nje ya mlango.

KKKT ilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Katika chuo cha theolojia Makumira, karibu na Arusha, kulikuwa na mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyekuwa nchini tangu 1946. Badala ya kuwaambia wanafunzi kwamba sauti za kwao hazifai, alizikusanya. Mkusanyo wake, Tumshangilie Mungu, ulitoka miaka ya 1960.

Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja wa hapo Makumira kutoka Bukoba, Bernard Kyamanywa, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka kwa sauti ya kienyeji ya huku kwetu. Ni "Mfurahini, Haleluya". Kila mliyekulia kanisani mnaujua. Mwaka 1969 Ulrich Leupold akauandikia maneno ya Kijerumani, na leo uko katika kitabu rasmi cha nyimbo cha makanisa ya kiinjili ya Ujerumani, kilichoanza kutumika miaka ya 1990. Namba 116.

Naomba mrudie kusoma hapo. Wajerumani walileta nyimbo Tanganyika, na miaka sabini baadaye wimbo wa mwanafunzi wa Tanzania ukaenda kuimbwa na Wajerumani. Mwanafunzi! Mtu wa kosi weki na testi kama mimi na wewe. Nikawaza, je, angekuwa na kaka kama mimi? Angemwonyesha daftari, kaka akacheka mbele ya washikaji, "wewe Mhaya hujui mambo ya nyimbo, soma theolojia yako". Pasaka ingekuja tu, ila wimbo usingekuwepo.

Kamati na ukumbi

Redio ilianza kusikika kama Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, na mwaka 1965 ikawa RTD. Kwa miaka mingi studio ya RTD ndiyo ilikuwa mlango karibu pekee wa wimbo kutoka. Maneno yalipitiwa kwanza, na wimbo ulioonekana haufai haukurekodiwa au haukupigwa. Marehemu Remmy Ongala aliimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu wakati Ukimwi unatumaliza, redio ikaukataa, lakini watu wakausikia kwenye kanda na kumbini. Hapo kuna aina ya ukosoaji ambayo haimsaidii mtunzi hata chembe: "Hapana", mlango unafungwa.

Lakini kabla ya kufika kwenye kamati, wimbo ulikuwa umeshapita mahakama nyingine mbili. Chukua Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978. Mtunzi anakuja na maneno na sauti yake mazoezini. Bendi inaushika: gitaa la solo linatafuta njia yake, ridhimu na besi zinakubaliana, ala za kupuliza zinaongezwa. Michael Enoch, ambaye wanamuziki wengi wamepita mikononi mwake, alikuwa mtu wa kupanga mambo hayo. Halafu wimbo unapelekwa ukumbini. Watu wakiinuka kwenye viti, sawa. Wakiendelea kunywa bia zao, mnarudi mazoezini. Wimbo ulipofika RTD ulikuwa umeiva, na ilibidi uwe umeiva, kwa sababu mnapiga wote kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mmoja akikosea mnarudia.

Kizazi cha prodyuza na kizazi cha majaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar walianza kurap, kwanza kwa kuiga ya Marekani. Saleh Jabri alitoa kanda ya rap kwa Kiswahili, akiweka maneno yake juu ya biti za watu. Kulikuwa na shindano la Yo! Rap Bonanza, na ilipokuja Radio One mwaka 1994, hatimaye kukawa na redio iliyokuwa tayari kuwapa vijana nafasi. Kisha zikaja studio: Master Jay na MJ, P-Funk Majani na Bongo Records. Hapo bendi ikapungua ikawa watu wawili, msanii na prodyuza. Kila ukosoaji ambao zamani ulifanywa na kundi zima sasa ukawa wa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Akiwa na sikio na uvumilivu, unapata albamu kama Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay ya mwaka 2001. Akiwa na haraka na foleni mlangoni, unapata wimbo wa elfu thelathini wa chumba cha trei za mayai.

Halafu, katikati ya miaka ya 2000, ikaja Bongo Star Search ya Madam Rita Paulsen. Madam Rita, Master Jay na Salama Jabir mezani, kijana anasimama mbele yao na namba kifuani. Salama alijulikana kwa kusema bila kupepesa macho. Nchi nzima tulitazama. Walter Chilambo aliposhinda mwaka 2012 mimi nilikuwa shule ya msingi, tumejazana kwa jirani mwenye TV, tunapigana kwa viwiko.

Sina ugomvi na majaji wale. Kazi yao ilikuwa kuchagua wachache kati ya maelfu, tena kwa muda mfupi mbele ya kamera, na wengi walipata njia kupitia pale. Ugomvi wangu ni na mimi mtazamaji. Tulichokipenda zaidi zilikuwa zile sehemu za mwanzo, za walioimba vibaya. Tulicheka mpaka machozi, tukazikariri, tukaigiza shuleni, mmoja jaji mmoja msanii. Kizazi chetu kikajifunza kwamba kukosoa maana yake ni kutoa hukumu, na hukumu nzuri ni ile inayochekesha. Tukaiga kiti cha jaji bila kuwa na kazi ya jaji. Siku dogo aliponitumia wimbo wake, hakuwa anaomba kuchaguliwa. Mashindano hayakuwepo. Mimi nikakaa mezani nikamtoa.

Kuna methali wazee wanaipenda, ngoma ya watoto haikeshi. Ni kweli haikeshi. Lakini ukiangalia hii historia yote, karibu kila ngoma iliyokesha ilianza kuwa ya watoto, halafu kuna mtu mzima aliyeketi nayo.

Kwaya ya kwetu

Kumbe jibu nilikuwa nalo nyumbani siku zote. Nimekulia kwenye kwaya. Mwalimu wetu pale Ilembula alikuwa anaandika nota ubaoni, do re mi zile za solfa ambazo John Curwen alizieneza Uingereza karne ya 19, zikasambaa Afrika nzima kwa chaki. Tukikosea hakusema "mnaimba vibaya". Alisimamisha: "Sauti ya tatu, mstari wa pili, mmeshuka kwenye la. Wengine nyamazeni. Tatu peke yenu." Tunaimba. "Tena." Tunaimba. "Haya, ya nne ingieni." Na hata kwenye mashindano ya kwaya, kila kwaya ina wimbo wa lazima, ambao wote wanauimba, na wimbo wake yenyewe. Ule wa lazima ndio kipimo cha wote, kama mizani za Sheikh Amri. Ule wenu wenyewe ndio unaonyesha ninyi ni nani.

Miaka sita nilikaa kwenye kwaya hiyo, sauti ya tatu, nikakosea kila kosa lililoko duniani, na hakuna siku niliambiwa niache kuimba. Nilisahau hilo haraka sana baada ya kupata kitambulisho cha chuo.

Nilichomwandikia

Jumanne usiku nikavaa spika za masikioni, nikausikiliza wimbo wa mdogo wangu mara nne kabla ya kuandika neno. Mara ya kwanza kama msikilizaji tu, mara ya pili maneno, mara ya tatu sauti, mara ya nne tena kama msikilizaji. Halafu nikamwandikia yeye peke yake, siyo kwenye kundi la familia. Amenipa ruhusa niweke hapa:

"Marahaba mdogo wangu. Nimesikiliza mara nne. Wimbo wako unahusu bibi anayengoja barua, sivyo? Kama nimekosea niambie, maana mengine yote nasema kwa kufuata hilo.

Ubeti wa kwanza usiuguse. Ile picha ya bibi kufagia njia kila asubuhi ingawa hakuna anayekuja, nimeiona. Ubeti wa pili umeacha bibi ukaanza kutoa mawaidha kwa vijana. Mawaidha siyo mabaya ila yanaweza kuwa wimbo mwingine. Jaribu kumrudisha bibi, uone.

Kiitikio kinapanda juu sana, mwishoni sauti yako inakatika. Anza wimbo wote chini kidogo, kiitikio kitafika penyewe.

Kuhusu kurekodi: kinanda kinaimeza sauti yako. Sogeza simu karibu na mdomo na uiweke mbali na kinanda, kama hatua mbili. Pale unapopaza sauti inakwaruza, ina maana simu imezidiwa, geuza uso pembeni kidogo ukipaza. Ngoma ikilia sana hupasuka, hata ya kwenye simu. Halafu mvua kwenye bati inasikika, rekodi kabla ya saa nane au urekodi kwenye chumba chenye dari, na utundike blanketi nyuma yako.

Ukimaliza usinitumie mimi kwanza. Waimbie bibi na wenzake, uangalie ni wapi wanaacha wanachofanya. Hapo ndipo wimbo ulipo. Usibadilishe vyote nilivyosema, chagua viwili unavyokubaliana navyo.

Na unaendelea kutunga. Hilo siyo ombi."

Akajibu baada ya dakika kumi: "Kaka mbona ndefu hivyo 😂 asante. Ila ubeti wa pili sibadilishi." Nikacheka peke yangu gizani. Sawa, ni wimbo wake. Siti naye lazima kuna siku aliwakatalia kina Subeti.

Lakini deni kubwa halikuwa lake. Nikamtafuta kaka yake. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mwisho nikampigia kabisa. Nikamwambia: ule wimbo wako wa Makambako sikuusikiliza. Niliucheka. Ni vitu viwili tofauti, na nilikukosea. Nikamwambia bado ninao kwenye simu, nimeusikiliza leo kwa mara ya kwanza. Studio waliweka biti juu mno mpaka maneno yako hayasikiki, hilo siyo kosa lako. Na ule mstari unaomtaja baba akirudi kutoka shamba la chai, nimeurudisha mara tatu.

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani vocha imekatika. Kisha akasema, "Kaka, kinanda nilishauza."

Nikamwambia mama mdogo aliniambia.

"Ila daftari lipo," akasema. Halafu akaniuliza habari za masomo, tukaongea mengine, mvua, bei ya mahindi, nani kaoa. Kuhusu nyimbo hakuongeza neno, na mimi sikumlazimisha. Mtu akishafungiwa mlango haufunguki kwa simu moja ya dakika nane. Likizo nikifika nitamwomba anisomee lile daftari, akitaka. Asipotaka nitamsaidia kuvuna tu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi wa kwao ndio tunaotakiwa kutunza, na wakati mwingine noti ya kumbandika mtu usoni ni mstari mmoja tu unaomwambia: pale, mahali fulani, nilikusikia.

Ni hayo tu wadau. Wenye nyimbo zilizolala kwenye simu zenu, njooni chumbani kwangu Ijumaa baada ya testi, tuzisikilize. Kucheka ni marufuku mpaka mara ya nne. Sasa ngoja nikasome, nina saa tano kabla ya asubuhi na bado sijajua huyo Karl Peters alisaini mikataba mingapi.

Tuko pamoja.